Usimuage, Atalia

"Docta, huyu mutoto iko na maladi, ao iko na tabia?"

Mwanamke aliyeniuliza swali hilo, kama ni ugonjwa au ni tabia, alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba changu cha mazungumzo, kitenge kimefungwa kwa safari. Mimi si daktari, ni mwanasaikolojia. Lakini katika hospitali yetu ya magonjwa ya akili hapa Lubumbashi, kila anayevaa koti jeupe ni docta, hata fundi wa umeme akiazimwa koti asichafuke. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na kichwa kilichojaa nadharia, na hakuna hata moja iliyokuwa na jibu la swali lile. Nikamwambia, "Tutaangalia, mama." Hospitalini "tutaangalia" ndilo neno tunalolitumia pale tusipoona kitu.

Ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi mwaka huu, mliorithi kiti changu cha plastiki. Nina miaka thelathini na minane na nimestaafu. Najua mmecheka. Mmoja wenu aliniambia mtu hastaafu kabla ya mvi. Nani alipanga hivyo? Kazi hii nimeifanya tangu nilipotoka chuoni, nimeiacha kwa miguu yangu mwenyewe, na sirudi. Habari za vyeo na mishahara sitawaandikia: vyeo vilikuwa vifupi na mishahara ilikuwa na tabia ya kuchelewa. Nitawaeleza kuhusu mgonjwa mmoja, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Nitamwita Merveille. Jina si lake, alilichagua mwenyewe. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika alikubali kwa sharti moja, niseme kwamba alikuwa mrembo. Alikuwa mrembo.

Lakini nianze na siku ya kwanza, maana hamtaelewa Merveille kabla hamjaelewa nyumba tuliyokutania. Nilipewa chumba chenye viti viwili, meza, na mlango usiofungika. Nilikuwa nikiukaza kwa kipande cha katoni kilichokunjwa, na hicho ndicho chombo cha kazi nilichokitegemea kuliko vyote. Cha pili kilikuwa karatasi ya maswali ya kupima huzuni, iliyotoka Ulaya ikapitia Kinshasa. Swali mojawapo lilimtaka mgonjwa aseme kama bado anafurahia safari zake za mwisho wa juma. Mzee mmoja wa Kipushi alinijibu, "Mwisho wa juma naendaka ku matanga. Nifurahie?" Sikujua nimpe alama ngapi.

Mkuu wa idara alikuwa Daktari Anaclet, na yeye ndiye aliyenilea kikazi. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa hata wakati wa matope, na alizungumza polepole kama mtu anayevuka daraja la mbao. Alinifundisha kwamba mgonjwa huanza kusema akiwa bado koridoni, kwa jinsi anavyotembea, na kwa nani anatangulia kati yake na ndugu zake. Alinifundisha pia kumwacha mtu anyamaze bila kumwokoa haraka kutoka katika ukimya wake. Maswali yangu aliyavumilia, lakini si yote. "Gisèle," alikuwa akisema, "wewe utaniua na hizi 'juu ya nini' zako," yaani kwa nini zangu. Mpaka leo hajafa, namshukuru Mungu, na "juu ya nini" zangu bado zipo.

Sasa, kuna kanuni ambayo hamtaikuta katika kitabu chochote, nanyi mmeshaikuta wodini. Kwetu mgonjwa halazwi bila garde-malade, ndugu wa kumpikia, kumfulia, kumtafutia dawa na kulala kwenye mkeka kando ya kitanda chake. Bila ndugu huyo hospitali ingefungwa kesho. Lakini ndugu huyohuyo ndiye anayejibu maswali yote. Unamuuliza mgonjwa, "Umelalaje?" Garde-malade anakujibu, "Tulilala muzuri." Nimesoma mafaili mengi ambamo historia ya ugonjwa ni historia ya shangazi.

Na ndugu hao hupokezana. Anayeondoka ana shughuli zake, ana soko, ana watoto nyumbani. Hapo ndipo ilipo desturi yetu: anaondoka kimya kimya, mgonjwa akiwa amelala. "Usimuage, atalia." Wauguzi waliwashauri hivyo, na Daktari Anaclet naye aliona ni busara. Ndivyo tunavyowafanyia watoto pia: mmoja anamshika mtoto kwa biskuti, mama anatokea mlango wa jikoni. Sidhani kama kuna mtu aliyekulia katika mji huu ambaye hakuachwa hivyo walau mara moja. Hakuna aliyeona ubaya wake, maana sisi sote tulikua.

Merveille alikuja kulazwa kwa mara ya tatu mwezi wa kumi, joto likiwa limefika kileleni, naye amevaa mikono mirefu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba yake alikwisha kufariki. Mama yake alikuwa amevuka kwenda kufanya biashara Zambia Merveille akiwa mdogo, akaolewa huko, hakurudi. Aliyemlea ni mdogo wa mama yake, Mama Berthe, yule mwenye kitenge cha safari, ambaye riziki yake ilikuwa kununua unga na mafuta ng'ambo ya mpaka, Mokambo, na kuuza mjini. Lakini neno la mwisho katika mambo ya familia lilikuwa la kaka mkubwa wa marehemu baba yake, Papa Célestin, mstaafu wa reli, mtoto wa mfanyakazi wa reli, mtu aliyezungumza na watu wote kana kwamba wako kwenye jukwaa la stesheni na wamechelewa.

Faili lake lilisema sonona. Lilisema hivyo mara tatu, na kila mara dawa ilibadilishwa. Dawa zilimsaidia kulala na kula, kisha mambo yakawa yaleyale: anaruhusiwa, anarudi nyumbani mtaa wa Makomeno, siku chache baadaye anajiumiza au anasema anataka kufa, na Mama Berthe anamrudisha akiwa hana pumzi. Alikuwa ameacha sheria akaingia kilimo, akaacha kilimo. Alikuwa amehama kanisa, amehama marafiki. Wauguzi walikuwa na neno lao moja juu yake. "Teatro," walisema, yaani maigizo.

Tulipokutana mara ya kwanza alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniita Ya, dada mkubwa. "Ya Gisèle, wewe njo muntu wa kwanza mwenye kunisikia." Nilitoka nikijiona mwanasaikolojia bora wa Katanga nzima. Juma lililofuata nilichelewa kidogo kwa sababu ya kikao. Nilimkuta ameupa ukuta uso. "Rudia kwako," alisema. "Uko sawa na bote. Koti tu njo inakutofautisha." Nilimweleza sababu ya kuchelewa kwangu. "Sijakuuliza," akasema. Nawaonya ninyi wageni: mgonjwa akikupandisha juu haraka hivyo, anza kutafuta ngazi ya kushukia.

Siku iliyonibadilisha ilikuwa ya kawaida kabisa. Asubuhi Merveille alikuwa uani akimsuka mgonjwa mwenzake, akimwiga Daktari Anaclet anavyotembea, na wodi nzima ikicheka, hata muuguzi aliyemwita teatro. Alikula mchana, akalala. Mama Berthe akachukua begi lake, akanipita koridoni kidole kikiwa mdomoni, akaenda zake Mokambo. Kabla jua halijapungua Merveille alikuwa sakafuni, analia kwa sauti ambayo sijaisikia tena, anasema afadhali afe. Tuliketi naye mpaka kulipopoa. Muuguzi akaniambia, "Asubui alikuwa anacheka. Sasa anataka kufa. Wewe unaamini ile?"

Niliamini. Lakini sikuamini tena faili. Sonona niliyofundishwa hukaa kama mvua ya Januari, haijali nani ameingia wala nani ametoka. Hii ya Merveille ilijali kupita kiasi. Nikawauliza wauguzi juu ya kila siku mbaya waliyoikumbuka, na sikuwauliza alifanya nini. Niliuliza nani alikuwa ameondoka. Kila mara kulikuwa na mtu: Mama Berthe, binamu, mwanafunzi wa mazoezi ambaye muda wake uliisha akatoweka, mgonjwa wa kitanda cha pili aliyeruhusiwa. Nilifikiria pia ule ugonjwa wa kupanda na kushuka, lakini huo hupanda na kushuka kwa majuma, na hauna haja ya mtu kutoka mlangoni.

Nikafanya jambo lililoleta kelele: nikamtoa garde-malade nje. Binamu aliyekuwa zamu aliuliza nani sasa atajibu. Nikaukaza mlango kwa katoni, nikamuuliza Merveille mwenyewe.

"Ukibaki peke yako, ndani kunakuwaje?"

Alikaa sana bila kusema. Nilikumbuka mafunzo ya Anaclet, sikumwokoa.

"Mu roho muko wazi," akasema. "Sawa nyumba bantu balishahama. Unaita, sauti yako njo inakujibu."

"Na unapojiumiza, unataka kufa?"

"Si kila mara. Mara ingine nataka tu ile kelele isimame." Kisha akanitazama kwa ukali. "Sasa utaenda kuambia bandugu zangu?"

"Nitakuambia wewe kwanza."

Nilikwenda kwa Daktari Anaclet nikiwa nimejiandaa kupigana. Nikamwambia: sonona ipo, sikatai, lakini imekaa juu ya kitu kingine, na kile kingine ndicho kinachomrudisha. Hofu ya kuachwa, watu wanaopandishwa na kushushwa, hasira, utupu, kujiumiza, kutojijua yeye ni nani. Ni ugonjwa wa haiba, ule ambao vitabu huuita borderline.

Hakupigana. Alivua miwani akaifuta. "Pengine uko na haki," alisema. "Na kisha?"

"Kisha tunasema."

"Kwa nani? Gisèle, sikiliza muzuri. Dépression familia inaielewa. Iko na kidonge, iko na kitanda, basi wanakaa hapa pembeni yake. Siku utasema personnalité, wao watasikia tabia. Na tabia hapa kwetu hainunuliwi dawa. Tabia inapigwa, ao inatumwa mbali. Unamwogopea kuachwa, halafu unawapa neno la kumwacha nalo."

Ilikuwa hoja nzuri, na bado naiona nzuri. Lakini nilikuwa na hasira, na wakati mwingine hasira hufikiri vizuri kuliko mimi.

"Kwa hiyo tunanyamaza kwa faida yake?"

"Tunanyamaza."

"Sawa na wale wanaotoka akiwa amelala."

Aliirudisha miwani usoni polepole. "Enda," alisema. "Mwambie yeye. Lakini chagua maneno yako kama unatembea na mayai."

Nilimwambia Merveille kwa maneno ya kawaida, bila mayai. Nilimweleza kile ninachokiona, nikampa jina la ugonjwa, nikamwambia wapo wengi wenye nao, na kwamba kwa walio wengi hupungua makali wakisaidiwa. Alicheka kwanza. "Basi iko na jina? Mi nilifikiri jina yake ni Merveille." Halafu akalia. Halafu akakasirika, kwa mpangilio huo. Alitaka kujua neno lenyewe lina maana gani. Nikamwambia linatokana na mpaka.

"Mpaka ya wapi? Ya Mokambo?"

Nilicheka nami, kwa sababu alikuwa na haki. Nimefika Mokambo. Kuna kizuizi, kuna polisi, na wanawake wenye magunia ya unga. Ndani ya Merveille sikuona mpaka wowote. Nilimwona mtu asiye na kizuizi. Jina hilo waliliweka watu waliodhani ugonjwa huu umekaa katikati ya magonjwa mengine mawili, kisha hata wao wakaacha kudhani hivyo, jina likabaki. Msiniulize kwa nini tunaendelea kulitumia. Linatusaidia kujua tufanye nini, na hapo ndipo heshima yangu kwake inapoishia.

Habari zilimfikia Papa Célestin kabla sijajipanga kumpelekea. Alikuja wodini na kofia mkononi, akasimama miguuni pa kitanda. "Nilisikia haiko tena dépression," alisema. "Nilisikia ni tabia. Basi kama ni tabia, hospitali ya nini? Juma lenye kuja anapanda treni, anaenda Kamina kwa nkambo yake. Kule iko mashamba. Jembe inatoaka tabia."

Huko Kamina kwa bibi yake hakukuwa na mtu wa kumtibu, na safari yenyewe ilikuwa ni ya kuachwa tena, mara hii na ukoo mzima na kwa pamoja. Nilijua akifika huko katika hali ile tunaweza kumpoteza. Merveille naye alijua. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha.

Kikao cha familia kiliitishwa siku ya Mungu baada ya misa, katika nyumba yao Makomeno. Daktari Anaclet aliniambia, "Hukualikwa."

"Mgonjwa naye hakualikwa," nikamjibu.

Tulikwenda wote wawili, mimi na Merveille. Sebule ilikuwa imejaa viti vya kuazima kwa jirani. Papa Célestin alikuwa chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, Mama Berthe karibu na mlango wa jikoni, mahali anapokaa mtu asiye na hakika kama yumo kwenye kikao au anahudumia.

"Docta, karibu," alisema Papa Célestin. "Umekuja, muzuri. Sisi hatuna maneno mingi. Tuambie tu: ni maladi, ao ni tabia?"

Swali lilelile, na mara hii watu kumi na zaidi walilisubiri jibu.

"Papa," nikasema, "swali hilo ni baya."

Mtu mmoja alikohoa. Sijui kama mmewahi kumwambia mkubwa wa familia, mbele ya familia, kwamba swali lake ni baya. Siwashauri. Lakini nilikwisha kusema.

"Kwa sababu linataka nichague," nikaendelea. "Ana huzuni ya ugonjwa, kidonge ni cha ile. Na ana kitu kingine, nacho pia ni ugonjwa: moyo wake haujui kama mtu aliyetoka atarudi. Ninyi mlango ukifungwa mnajua utafunguliwa. Kwake umefungwa moja kwa moja. Anatukana, kweli. Anavunja sahani, kweli. Sitawaambia ni malaika. Lakini muangalie anavunja lini. Anavunja mkiondoka. Na ninyi mnaondokaje?"

Mama Berthe alitazama mikono yake.

"Tunaondoka muzuri," alisema mwishowe. "Akiwa analala. Juu asilie."

"Munaongea juu yangu sawa mi siko hapa!" Merveille alilipuka. Alikuwa amesimama. "Nyie mulishaka kuondoka hata sasa, na bado munaikala ku viti!"

Papa Célestin aliinua mkono kama anayesimamisha treni. "Sasa docta, wewe unataka nini?"

"Mtu asiondoke tena bila kumuaga. Mbele yake, akiwa macho. Aseme anaenda wapi na anarudi lini. Na akichelewa, apige simu. Hata akilia. Hata akitukana. Na Merveille awe anakuja kwangu kila juma, tujifunze afanye nini ile kelele ikianza."

Kikafuata kicheko. Kilianzia kwa Papa Célestin, kikazunguka sebule. "Basi kila siku tumuage! Sawa vile gavana anapanda ndege! Tupange musululu, tupige makofi!"

"Ndiyo, papa," nikasema. "Sawa gavana. Mpaka mwisho wa mvua. Ikishindikana utampandisha treni, na mimi nitawasindikiza stesheni."

Sikuwa na haki ya kuahidi hivyo. Daktari Anaclet alinikumbusha baadaye, kwa muda mrefu. Lakini mzee wa reli alipenda kitu chenye tarehe ya mwisho. Akakubali.

Siwadanganyi kwamba mambo yalitulia. Merveille aliruhusiwa kurudi Makomeno, na mara ya kwanza Mama Berthe alipoaga kwa mdomo wake, alimwita mchuuzi wa watoto, akatupa sahani ukutani, akazuia mlango kwa mwili wake. Mama Berthe aliporudi safari alikuja kwangu. "Umeona? Zamani alikuwa analia nyuma yangu. Sasa analia mbele yangu. Njo dawa yako hiyo?" Nikamuuliza kama jioni ile Merveille alijiumiza. Akafikiri. Hapana. Alilia, akala mabaki ya bukari, ugali wetu, akalala. Tuliendelea. Wodini nasi tulibadilika, kwa kunung'unika: mwanafunzi wa mazoezi anayemaliza muda wake alilazimika kwenda kitandani kusema kwaheri. Wengine walilia wao badala ya wagonjwa.

Kipimo chenyewe hakikupangwa na mimi. Katikati ya mvua Mama Berthe aliaga akaenda Mokambo, akasema anarudi siku ya Alhamisi. Lori alilopanda likazama matopeni, simu ikazima. Alhamisi ikapita, hakuna mtu, hakuna sauti. Ijumaa asubuhi nilikuwa nakaza mlango wangu kwa katoni nikauona unasukumwa. Alikuwa Merveille, amelowa kuanzia kichwani, viatu vimejaa matope. Alikuwa ametembea kutoka Makomeno kwa mguu.

Alikaa kabla sijamkaribisha. "Wewe ni muongo," alisema. "Ulisema akiaga anarudi. Njo wewe ulisema. Niliikala nyumbani, nikaona nitajifanyia mubaya. Nikasema hapana, kwanza niende nimutukane ule mwanamuke."

"Nitukane," nikasema.

Alinitukana. Ana kipaji. Alinitukana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kiluba, alipomaliza akaomba maji. Tukakaa mpaka mchana tukifanya yale tuliyokuwa tukijifunza, kupumua, kuipa kelele jina, kuisubiri ishuke. Ilishuka. Mgonjwa ambaye zamani aliletwa mikononi mwa watu alikuwa amejileta mwenyewe, kwa hasira yake na miguu yake. Nilimwambia Daktari Anaclet. Alitazama viatu vyake vinavyong'aa, kisha akasema, "Basi sasa andika kwenye faili." Kutoka kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Mama Berthe alifika kesho yake, matope mpaka magotini, akaja moja kwa moja hospitalini akianza kueleza lori tangu langoni. Merveille alimsikiliza. "Nilifikiri umekufa," akamwambia. "Tena nilifikiri umenichoka. Chenye kiliniuma sana njo cha pili." Mama Berthe aliweka gunia chini akamshika, na mara hiyo sikutafuta neno la kitaalamu.

Habari ya yule msichana aliyetembea kwenye mvua ilifika kwa Papa Célestin, na treni haikutajwa tena. Mwisho wa mvua mzee alipaswa kwenda Likasi kwenye matanga. Mama Berthe aliniambia kwamba alisimama mbele ya Merveille, akavua kofia, akasema kwa ile sauti yake ya stesheni, "Naenda Likasi. Narudia siku ya posho." Yaani Jumamosi. Merveille akamjibu, "Wende muzuri, Papa Gavana." Mzee alitoka haraka, wakadhani amekasirika. Alikuwa anacheka.

Merveille hakupona kama mafua yanavyopona. Sonona ilimrudia mara mbili, na mara moja tulimlaza tena, kwa ombi lake mwenyewe. Kuna wengine wenye ugonjwa huohuo ambao niliwapa jina sahihi na familia zao zikalifanya kuwa fimbo, sawasawa na Daktari Anaclet alivyonionya. Nilikwenda kwenye vikao vyao pia, na kwingine nilifukuzwa. Kwa hiyo msiniamini kwa sababu nimestaafu. Ulizeni. Mkiambiwa neno fulani ni hatari kulisema, ulizeni ni hatari kwa nani. Mkiambiwa desturi fulani ni ya huruma, ulizeni inamhurumia nani. Na mkiambiwa mgonjwa anaigiza, kaeni mtazame, maana hakuna anayeigiza mbele ya kiti kitupu.

Mwezi uliopita, nilipoamua kuacha kazi, nilikwenda kumwambia. Sasa anauza vifaa vya simu katika duka moja mjini, ana chumba chake, na Mama Berthe humtembelea. Nilimwambia naondoka hospitalini, siku gani, na nani atachukua nafasi yangu. Alikasirika. Alipanga vifuniko vya simu kwa rangi, akavipangua, akavipanga tena. Mteja alikuja, akaondoka bila kuhudumiwa. Kisha, bila kunitazama, akaniambia jambo ambalo katika miaka yote ile hakuwahi kuniambia.

"Ile siku zote mama mudogo alikuwa anatoka, mi sikuwa nalala. Nilikuwa macho. Nasikia anavua viatu juu visilie, nasikia anafungua mulango pole-pole. Nafunga macho, napumua sawa muntu mwenye kulala."

"Juu ya nini, Merveille?"

"Juu asione haya," alisema. "Ilikuwa lazima aende."